Usimwache Chisomo Akiitwa Mgeni

Ombati mjukuu wangu,

Hapa Ekerenyo tunachuma chai na hatujambo. Babu yako anakusalimu wewe na mkeo Chisomo, aliyetoka Malawi juzi tu. Baba yako mdogo anadai, "Mke akishaolewa kwetu ni wetu. Pasi ya kukaa nchini ya nini? Aongezewe tu siku za mgeni." Amekosea, na nimemwambia hivyo uso kwa uso.

Umeniuliza mwombe pasi ipi. Mimi nami niliolewa hapa nikitoka Tarime, Tanzania. Kila nilipovuka mpaka nilisema, "Natembea," kwa kuwa ndiyo iliyokuwa njia rahisi. Siku moja, nikirudi na babu yako, afisa alimwona baba yako mgongoni mwangu.

"Na huyu, mama, pia anatembea?"

Watu wakacheka. Nilitaka kusema naenda nyumbani, lakini pasipoti yangu ilikuwa imeshagongwa mhuri wa mgeni.

Tulipofika Kisii mjini, babu yako, mtu wa mizaha, aliiweka mizaha kando. Hapo akasema, "Kesho tunaenda kuomba ile pasi ya mke."

"Inachukua muda mrefu," nikamwambia.

"Kwani wewe unaenda wapi?"

Sijaambiwa neno tamu kuliko hilo.

Kwa hiyo, Ombati, acha hizo siku za kuongezaongeza. Omba pasi ya mtegemezi, ile ya mke wa Mkenya, kabla muda aliopewa haujaisha. Nawe Chisomo, mwanangu, usikubali aende peke yake. Nenda ukajisemee mwenyewe kwamba umekuja kukaa.

Nyanya yenu,
Boke