Mama Ameanza Kusema kwa Televisheni

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, u mzima huko? Kile kifua kimetulia, au bado unakohoa kama trekta bovu? Sisi Mungu anatushikilia. Magoti yananilalamikia nikisali, lakini hayajaniangusha. Shemeji yako, mume wangu, ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi.

Mama yupo hivyo hivyo. Tangu kiharusi kile, upande wa kulia umekufa na maneno yamekwenda nao. Akili ipo; macho yanakufuata chumba kizima. Kaka yetu Mkasi amehamishia cherehani yake kando ya kitanda. Anashona huku anamgeuza, anamlisha, anamwosha. Wateja wamepungua, maana nani anataka kupimwa suruali mbele ya mgonjwa?

Sasa sikia. Mkasi alipita duka la vyombo vya umeme vya mitumba, akaona kompyuta ya kizamani, ile ambayo mashine na kibodi ni kitu kimoja na haina kioo chake. Mwenye duka akamwambia ukiiunganisha na televisheni, kila herufi unayobonyeza inatokea pale, kubwa kama ya bango. Simu tulishajaribu, kidole cha mama kikawa kinagusa herufi tatu kwa mpigo. Vitufe vya mashine hii ni vinene kama vifungo vya koti. Mkasi akaikumbatia mpaka nyumbani.

Akachomoa antena, akachomeka waya wa mashine nyuma ya televisheni ya mama. Chenga tupu. Akaifungua mashine, akapuliza vumbi, akasugua kwa spiriti, akabadilisha waya. Chenga. Shemeji yako kila akipita: "Fundi, suruali hiyo itavalika lini?" Mkasi anacheka naye, anainama tena.

Unakikumbuka kile kigurudumu cha kutafutia stesheni, mama alivyokibandika plasta ili isihame kwenye mahubiri? "Atakayegusa hapa mkono wake unyauke!" Ndugu yangu, mashine haikuwa na kosa lolote. Picha yake ilikuwa stesheni nyingine, ilitaka kutafutwa tu, na Mkasi, mtu mzima mwenye mvi, hakuthubutu kubandua ile plasta. Nikasema Ee Mungu nisamehe, nikaibandua mimi. Nikazungusha taratibu, chenga zikakunjika, zikanyooka, na alama ndogo ikaanza kupepesa kwenye kioo. Mkasi alipiga yowe la furaha. Mama alikuwa anautazama mkono wangu.

Tukamkalisha kwa mito. Mkasi akapiga magoti, akamshikia kibodi juu ya sinia. Shemeji yako akasema, "Haya mama mkwe, mshukuru mwanao." Kidole cha kushoto kikaanza kutafuta, na Mkasi akawa anaisoma kwa sauti kila herufi inayotokea, mpaka ikawa: MLETENI KITINDA.

"Kitinda yuko mbali, mama," akasema, "ila mimi nipo."

Kidole kikashuka tena. "W, E, W, E... Wewe! Ni mimi huyo!" Uso unang'aa. Akaendelea kusoma hadi mwisho, maana alishaanza: WEWE SIKUKUITA.

Mume wangu alicheka mpaka akashika mlango. Mkasi akasema, "Angalau vitufe vyote vinafanya kazi," akaenda kuchemsha maji ya kumwoshea.

Tangu hapo kila asubuhi ni hayo hayo. Mashine hii ukiizima inasahau yote uliyoandika. "Mashine inasahau, mama anakumbuka," Mkasi hutania, kisha anamshikia sinia. Hata kitufe cha kufuta, mama akikosea herufi, ni Mkasi aliyemfundisha.

Jana mchana nilisimama mlangoni nikamkuta mama amesinzia, na Mkasi anaandika mwenyewe: AHSANTE MWANANGU. Akakaa anayatazama yale maneno. Hakuniona. Mama akafumbua macho, akayasoma. Midomo yake ilicheza. Akanyoosha kidole, na Mkasi, kwa mazoea, akamsogezea sinia. Mama akabonyeza kufuta. Herufi moja, nyingine, polepole, bila hasira yoyote, mpaka kioo kikabaki kitupu. Mkasi akampangusa mate, akarudi kwenye cherehani.

Nimefundishwa kumheshimu mzazi, na ninamheshimu. Lakini jana nilipofika kwenye jina lake katika sala, nililiruka.

Wewe sikulaumu, hukuomba kupendwa hivyo. Ila ujue barua zako za "Mpendwa Mama" anayemsomea ni Mkasi, na hata kwenye salamu za mwisho hujawahi kumtaja. Mama humtaka azisome tena na tena, kwa kugonga sinia. Mdogo wangu, barua ijayo jina la juu liwe la Mkasi. Mama asikie akitajwa, na Mkasi ndiye awe msomaji.

Msalimie mkeo, na mapacha wangu uwabusu mashavu yote manne. Shemeji yako anakusalimu, anasema usirudi, utaiharibia mashine kazi. Mkasi naye anakusalimu sana. Amenikataza nisikuandikie haya.

Mungu akuweke mahali ambapo ukiita utaitikiwa.

Wako akupendaye bila kufuta,
Dada yako