Magurudumu ya Nyuma Yanayogeuka

Mjini Salama, Jumatano, 1989

Nusura niyachomelee! Mteja wangu Mutiso alileta gari mpya ya Kijapani kwa gereji, nikaona ukizungusha usukani, hata magurudumu ya nyuma yanageuka. Nikasema hii imelegea, nikawasha mashine ya kuchomelea.

Mutiso akacheka. "Wewe fundi, imeundwa hivyo! Ingia twende."

Kwa mteremko ng'ombe akaingia barabarani. Mutiso akakata usukani. Nikafumba macho, nikingoja mkia wa gari urushwe. Wapi! Magurudumu yote manne yalihama pamoja, tukampita ng'ombe, gari imetulia tuli.

Wajapani wana kichwa, haki.

Hapo kwa mteremko ndipo kaka yangu Kioko alikufa, akikwepa mbuzi. Gari yake ilikuwa nzima, niliikagua mwenyewe. Ila nyuma yake haikujua mbele inaelekea wapi.