Jembe la Mama Kavira

Mardi, usiku

Sijui kama nilimusaidia Mama Kavira ao nilimuharibia. Kisha vita amerudia shamba lake kule Kanyaruchinya, akakuta lantana, yale majani ya mubaya, imejaa fasi yote. Mimi agronome nikamuambia aichimbe na mizizi yake mbele mbegu zianguke.

Akaninyooshea jembe. "Papa agronome, anza weye. Na kama kuko bombe chini?"

Nilikata maua tu na mupanga. Mizizi sikuigusa. Nikamuambia angojee wale wanaotosha mabombe, lakini mvua iko karibu, na watoto wake wanapashwa kula.

Kenye kinanikatalia usingizi ni hiki: wakati wa kutoka mule shambani yeye alitangulia, na mimi nilikanyaga tu fasi yeye alikanyaga.