Sekunde Sita za Kujibu

Jumatatu, 3 Juni

Karatasi za Kiarabu zimerudi. Nimepata 38 kati ya 40! Mwalimu aliinyanyua yangu juu ili darasa zima lione. Afadhali angeikunja tu. Redio (anakaa nyuma yangu, hanyamazi hata akimeza maji) akasema jamani, Kamusi (ndiyo jina walilonipa) katuua tena. Wakacheka. Hilo si baya sana.

Baya ni hili: Ijumaa ya wiki ijayo kuna mtihani wa kuzungumza. Wawili wawili, kila mtu achague mwenzake. Asiyefika nusu haendelei na Kiarabu mwakani. Na sisi tuko kumi na mmoja. Niliinama kufunga kamba ya kiatu, nisionekane kama nasubiri kuchaguliwa. Nilipoinuka, kila mtu alishapata wake.

Jumatano, 5 Juni

Mwalimu kaniita ofisini. Amerekodi sauti yake akiuliza maswali kumi. Baada ya kila swali ananyamaza sekunde sita ili nijibu, halafu anasema "vizuri sana" na kuendelea. Siku ya mtihani nitazungumza na simu yake. Ni rahisi zaidi kwako, alisema, hutamtegemea mtu. Aliyasema kwa wema kabisa.

Nikasema asante.

Jumamosi, 8 Juni

Mama anafua mashuka hospitalini, zamu ya usiku, kwa hiyo mchana analala. Nafanyia mazoezi bafuni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na rekodi ya Mwalimu kwenye simu ya Mama. Unaitwa nani? Unaishi wapi? Una ndugu wangapi? Unaamka saa ngapi? Unapenda kula nini? Majibu yananitoka bila kufikiri. Zile sekunde sita nimezizoea kama pumzi zangu.

Leo kwenye swali la saba, rafiki yako ni nani, nilijibu kwa Kiswahili: sina. "Vizuri sana!" Nikacheka peke yangu mpaka Mama akagonga mlango.

— Unaongea na nani humo, mwanangu?

— Na mtihani.

— Haya, usalimie. Na utoke, nataka kuoga.

Baadaye haikunichekesha tena.

Jumanne, 11 Juni

Mwenzake Redio amehama shule! Baba yake kahamishwa kazi. Redio kaja mpaka kwenye dawati langu, mbele za watu: Dada Kamusi, tumebaki mimi na wewe, kandambili mbili za kushoto. Mwalimu kakubali. Maswali ni yale yale. Yeye ataanza kuuliza, mimi nijibu, kisha tubadilishane.

Mchana tukajaribu nyuma ya maktaba. Akiuliza ananitazama usoni. Simu haina macho. Nilijibu nikitazama ukuta. Akasema, we, mimi niko huku! Huyo unayeongea naye ni nani?

Nikamtazama kidevu.

Alhamisi, 13 Juni

Mtihani ni kesho. Sijala.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika nje ya chumba cha mtihani, kwenye benchi. Haraka haraka.

Tuliingia wa kwanza. Mtahini ni mama mmoja mgeni, kutoka shule nyingine, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mwalimu alikaa pembeni. Redio akauliza la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu likampotea. Akatazama dari. Sekunde sita zikapita — nikajibu! Hakuna aliyeuliza, na mimi nimejibu: wawili. Kimya. Sekunde sita. Naamka saa kumi na mbili. Kimya. Najisikia kabisa nikifanya hivyo, na siwezi kujizuia. Ghafla Redio akalikumbuka swali lake, akauliza kwa sauti kubwa, una ndugu wangapi?

Nikasema: samaki.

Mwalimu alijifunika uso kwa daftari.

Mgeni akaweka kalamu chini. Hakukasirika. Alisema hapimi nani amekariri. Alisema hajasikia mazungumzo, amesikia watu wawili, kila mmoja na ukuta wake. Tutoke, turudi wa mwisho. Kila mmoja aje na swali moja tu kwa mwenzake, kwa Kiarabu, na liwe la kitu asichokijua. Alama zote zitatoka hapo.

Nilimwomba Redio radhi kwa kumharibia. Akasema, uniharibie nini wakati nilishaharibika kabla hatujaingia? Samaki! Jamani, ndugu zake ni samaki! Akacheka mpaka machozi, akaniegemea begani. Nikakaa bila kusogea.

Sasa ananigusa na kiwiko. Acha kuandika, Kamusi, tafuta swali.

Nimetafuta. Anakoishi, najua. Ndugu zake, najua, anawataja kutwa. Asilolipenda, najua: kunyamaza. Nisichokijua ni kimoja tu. Kama yule mwenzake asingehama, angewahi kuja kwenye dawati langu?

Maneno yote ya swali hilo kwa Kiarabu ninayo. Nimeshayapanga kichwani, hayana kosa hata moja. Ningeweza kupata alama zote.

Tatizo ni kwamba huyu atajibu.

Mlango umefunguka. Wametuita. Redio ameshasimama, ananiuliza kama nimepata —