Jicho la Hana Halikuliwa na Mashine

Mpanda, 7 Aprili

Kaka yangu Felisiani,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu Hana alipoteza jicho la kushoto Agosti mwaka jana, na mwezi uliofuata mimi nikapoteza kaka. Simu zangu hupokei, ndiyo maana Yotham, dereva wa Fuso anayeniletea mpunga, anakukabidhi barua hii mkononi. Habari za Kibaoni? Miguu ya mama inaendeleaje? Sisi hapa wazima. Hana ana miaka tisa, darasani ni wa pili. Wa kwanza ni mtoto wa mwalimu, kwa hiyo hatulalamiki sana.

Kaka, kwenye kikao cha ukoo ulisimama mbele ya mama ukasema nimechukua ndagu, kwamba mashine yangu ya kukoboa nimeilipia kwa mwili wa mtoto, na jicho lile limeliwa na mashine. Wengine walicheka, wengine wakanyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kuliniuma. Mashine ile imetokana na maandazi niliyouza stendi miaka sita, na wewe ulikuwa ukipita unakula ya bure. Tangu siku hiyo akina mama wa Kabungu hapa jirani wanapita na magunia yao mlangoni kwangu kama wanapita msibani, wanakwenda kukoboa kwingine.

Daktari wa ngozi alitueleza mimi na shemeji yako Optatus, nami nikawa namrudisha nyuma mpaka nikaelewa. Alisema jua humuumiza kila mtu, ila mwili una maelekezo ya kuikarabati ngozi, nayo yapo nakala mbili: moja ya baba, moja ya mama. Moja ikiwa mbovu, nyingine inafanya kazi, na mtu anazeekea shambani bila kujua. Mtoto akipokea mbovu zote mbili, ngozi haikarabatiki. Jua la leo linabaki, la kesho linaongezeka juu yake, mwisho ni vidonda na saratani, na hiyo ndiyo iliyochukua jicho la Hana. Tulipimwa damu. Mimi ninayo mbovu moja, Optatus moja. Kila mimba yetu ina mafungu manne: moja mgonjwa, mawili wabebaji kama sisi, moja halina kitu. Na mimba haikumbuki iliyotangulia. Kila moja inaanza hesabu upya.

Sasa hesabu na wewe. Yangu nimeitoa kwa baba au kwa mama, kwa hiyo wewe kuwa nayo ni nusu kwa nusu. Katarina wako ni dada wa Optatus. Naye nusu kwa nusu. Nyumba mbili tulipeana mabinti, mimi na yeye tukafurahia kuwa mawifi mara mbili, kumbe tumepeana na hili. Mtoto wenu alikuwa na fungu moja kati ya kumi na sita. Niliona ni dogo, nikajituliza.

Kaa chini, kaka. Februari, Katarina alipokuaga anakuja Mpanda kuuza maharage, alikuja kwangu na Amedeus mgongoni. Alinionyesha madoadoa meusi usoni mwa mtoto, yale yale aliyoanza nayo Hana, akasema akimtoa nje anafumba macho na kulia. Alisema akikuambia utataja ndagu, na safari hii utamsingizia yeye. Tulikwenda kwa daktari yule yule. Majibu ya damu yametoka juzi: mwanao anazo mbovu zote mbili. Moja ni ya Katarina. Nyingine ni yako.

Najua wiki ijayo mnaanza kuamia ndege, na Katarina atashinda kwenye mpunga toka mapambazuko mpaka giza, akifukuza kweleakwelea na mtoto mgongoni. Usiruhusu. Amedeus ana mwaka mmoja na nusu, macho yake bado mazima, na daktari anasema akikingwa na jua kuanzia sasa atakua. Njia hii naijua. Hapa kwangu chumba chenye mapazia mazito kipo, nguo za mikono mirefu zipo, kofia Hana ameshamchagulia. Mtu wa kufukuza ndege nitakutafutia mimi.

Mfikishie mama salamu zetu, na shemeji yako anakusalimu bila kinyongo. Kinyongo nimekibeba mimi, nami nitakitua.

Ijumaa Yotham anapita Kibaoni saa moja jioni, jua likiwa limezama. Katarina na Amedeus wanapanda gari hilo, ndiyo au hapana? Nipigie mwenyewe kabla ya saa sita mchana siku hiyo. Usiniambie tutaona.

Mdogo wako,
Scola