Vidole kwenye stelingi ya Pijo

Jumanne usiku

Oya mshkaji wangu wa karatasi, leo mikono yangu imekataa kutulia.

Stelingi ya Pijo, lile gari la marehemu Mzee Nassoro, nimeshaipiga msasa, imebaki kujaza gundi kwenye nyufa tu. Mwanawe Shabani kaniagiza, "Dogo, jaza mpaka vile vishimo vilivyochimbwa na vidole vya mzee. Iwe mpya kabisa, kesho naenda na gari harusini kule Mtama."

Jioni mjane wake akaja gereji. Ametoka eda leo leo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hata ndevu huna, ndo unamtengenezea mume wangu gari?"

Nikacheka, nikampa stelingi. Akaingiza vidole kwenye vile vishimo, kimoja kimoja, akafumba macho. "Nguo zake zote tumeshagawa. Kabaki hapa tu."

Sikuthubutu kumwambia alichoagiza Shabani.

Alipoondoka nikajaribu mimi. Vishimo vya moto! Nikasema ni joto la mikono ya mama. Baada ya magharibi nikajaribu tena. Wallahi bado vya moto, na stelingi yenyewe ilikuwa kama inanishika vidole.

Naogopa hata kuishika. Asubuhi Shabani analifuata gari. Ungekuwa wewe, ungejaza?