Nusu Iliyopotea

Jumatatu, 2 Juni 1958
Baridi. Chai, mkate, karatasi tena. Mtihani wa mdomo ni Ijumaa. Nikianguka, chuo kinanifuta, narudi ukarani. Hesabu ni ileile: kitu kidogo kama atomu, kinachotikisika kama kwenye springi. Kitabu kinasema nishati yake haishuki hadi sifuri. Hubaki nusu ya kipande kimoja cha nishati. Mimi napata sifuri. Kila mara sifuri. Najichukia.

Jumanne, 3 Juni
Anjelani, mke wangu, anataka nimpeleke Kipushi kwa mama yake. Tumbo limeshuka, siku zake zimekaribia. Nimesema Jumamosi.  Akaanza kufunga nguo. Nina hasira, sijui na nani.

Jumatano, 4 Juni
Kosa nimeliona! Nilizidisha kama shuleni: tatu mara tano, tano mara tatu, yote sawa. Huku si sawa. Nafasi ya kitu mara mwendo wake ni jambo moja, mwendo mara nafasi ni lingine. Nilikuwa nageuza mpangilio bila kufikiri, nusu inapotea. Nikamweleza Anjelani: kitu hiki hakitulii kamwe, hata ukikinyang'anya yote.
"Njo weye kabisa," akasema, akininyooshea kidole. "Utapumuzika siku gani?"
Nikarudi kwenye karatasi.

Alhamisi, 5 Juni
Nimetoka maktaba, nyumba tupu. Jirani akaniambia kutoka upande wa pili wa ukuta: "Bibi yako alienda Kipushi na kamio ya kaka yake. Tumbo ilianza kumuluma."
Lori limeshafika mbali. Nikatoa baiskeli. Nikairudisha. Nikaitoa tena. Nimebaki, kwa ajili ya mtihani. Aibu.

Ijumaa, 6 Juni
Profesa aliuliza hilohilo. Niliandika vizuri hadi katikati. Nikamfikiria Anjelani, nikageuza mpangilio. Sifuri, ubaoni, mbele yake. Nikaomba kufuta. Akatazama saa, akanihimiza kwa Kifaransa:
"Vite, alors."
Nikafuta yote, nikaanza upya. Nusu ikatoka. Amenipitisha kwa shida. Furaha haikuja. Baiskeli, vumbi, Kipushi.
Mama mkwe alisimama mlangoni.
"Mutoto iko muzima, baba. Mama yake njo hataki kukuona leo."

Jumamosi, 7 Juni
Nimelala kwa shemeji. Nimepasua kuni ambazo hakuna aliyeniomba. Nimeteka maji. Nimepasua nyingine. Sikuitwa.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa mama mkwe akanionyesha mlango wa chumba kwa kidevu, niingie. Mtoto wa kike. Ana nywele nyingi.  Anjelani akasogea kidogo kitandani, akaniwekea mtoto mapajani. Nimeketi hadi mguu umekufa ganzi. Sijaugeuza. Nimetulia.